Hesabu za kikundi zibandikwe mlangoni

Kwa wanangu wa vikundi vya maigizo, ngoma na taarabu hapa Mombasa,

Assalaam aleikum, na kila mmoja salamu kwa imani yake.

Nawaandikia juu ya pesa. Juu ya sanaa sina la kuwafundisha, mwaigiza vizuri kuliko tulivyoigiza sisi. Lakini nimeona vikundi vingi vikivunjika mjini humu, na sikumbuki kimoja kilichovunjwa na mchezo mbaya. Huvunjika siku ya kugawana. Watu huuliza kiingilio cha Idi Pili kilikuwa kiasi gani, mwenyekiti hukasirika kwamba haaminiwi, na wiki ya pili pana vikundi viwili, kila kimoja na nusu ya spika.

Mali bila daftari hupotea bila habari: mmeisikia tangu utotoni, na madaftari mnayo. Mimi nahofia yanapokaa. Daftari linalosomwa na mweka hazina peke yake halimlindi hata yeye mwenyewe, maana siku akituhumiwa hana shahidi. Basi nasema hivi: kila mwaka hesabu ya kikundi iandikwe kwenye karatasi moja, ibandikwe mlangoni pa ukumbi, na aliyelipa shilingi mia kuingia aisome sawasawa na mfadhili aliyetoa laki. Bibi zenu wa lelemama, ile ngoma ya wanawake, walichanga wenyewe, na waliochanga walijuana kwa nyuso. Pesa yenu nyinyi ni ya watu msiowajua, ndiyo maana haitoshi kuelezana wenyewe kwa wenyewe.

Wenzetu wa Marekani wamelifanya hili kuwa sheria. Kikundi cha maigizo kisichofanya biashara ya faida, kikishasamehewa kodi, hujaza kila mwaka fomu iitwayo 990. Raia yeyote akiiomba, lazima aonyeshwe za miaka mitatu ya karibuni. Vikundi vidogo kabisa, ambavyo kwa kawaida mapato yao hayazidi dola 50,000 kwa mwaka, huruhusiwa kutuma taarifa fupi tu. Lakini hata hivyo vidogo vikinyamaza miaka mitatu mfululizo, msamaha wa kodi hufutika. Ndani ya fomu kamili mna orodha niipendayo sana: viongozi wote kwa majina, saa wanazotumikia kikundi kwa wiki, na walicholipwa. Asiyelipwa huandikiwa sifuri.

Sifuri ile naiheshimu. Miongoni mwenu yuko dada anayeshona maleba kila msimu na hapati hata nauli, wala hakuna karatasi inayomshuhudia. Yuko na anayelipwa, na ni halali yake, lakini kwa kuwa malipo yake hayakuandikwa yananong'onwa kama wizi. Waandikeni wote wawili. Msingoje serikali iwadai: wengi wenu mna cheti cha ofisi ya Maendeleo ya Jamii tu, na cheti hakimwambii mtazamaji pesa yake ilikwenda wapi.

Sasa tunzo. Hapa ndipo taarabu inapoleta fitina. Mwimbaji yuko jukwaani, mama wa bwana harusi anainuka na noti, wengine wanamfuata, kapu linajaa. Ya nani hiyo? Mwimbaji atasema ni sauti yake, mpiga fidla atasema bila yeye sauti ingeimba peke yake, na wote wana hoja. Mimi naona igawanywe, mwimbaji apate fungu kubwa, lakini uamuzi ni wenu. Ila uandikwe kabla ya harusi, na kapu lihesabiwe papo hapo na watu wawili kabla gari halijaondoka.

Wa maigizo nanyi mna mtihani wenu, kuigiza vitabu vya fasihi mashuleni. Shule hulipa mapema, pengine miezi kabla ya onyesho. Pesa hiyo bado ni deni. Iandikeni mbali na mapato mpaka siku mtakayoigiza, la sivyo mtajiona matajiri mwezi wa Mei na mwezi wa Julai mkose ya kukodi gari la kwenda Likoni.

Kiingilio kisiingie tena kwenye simu ya mtu. Kikundi kiwe na nambari yake ya Lipa na M-Pesa na akaunti yake ya benki, saini mbili au tatu. Lakini msibandike taarifa ya simu yenyewe ukutani, maana ina majina na nambari za watu. Bandikeni jumla. Hata Marekani, vikundi vya namna hii haviwajibiki kuwaonyesha watu majina ya waliovichangia.

Mwaka ukifungwa Desemba, tafuteni wawili wasioshika pesa waikague hesabu, mmoja wenu na mmoja wa nje. Mwalimu wa biashara wa shule ya jirani atafaa. Palipopungua paandikwe pamepungua. Wakishatia saini, karatasi iwe mlangoni kabla ya onyesho la kwanza la Januari.

Anayetaka mtu wa kukaa naye juu ya leja anijie Mji wa Kale baada ya Alasiri. Aje na risiti zake zote, hata zilizochanika.

Wasalaam,
Mzee wenu