Datsun haikufilisika

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nisahihishe jambo moja lililomo katika makala mliyochapisha Jumapili iliyopita kuhusu magari madogo ya zamani. Mwandishi wenu anasema Datsun ilikuwa kampuni ya Kijapani iliyofilisika mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya kuelemewa na ushindani wa Toyota. Mengine aliyoyaeleza, ya kunywa mafuta kidogo na kustahimili barabara za vumbi, ni kweli tupu, na kwa sababu hiyo kosa hili limenikera zaidi. Kampuni iliyokuwa ikiunda Datsun ni Nissan, nayo ipo mpaka leo. Kilichoondoka ni jina, na aliyeliondoa ni mwenye mali mwenyewe, wakati ambapo wateja walikuwa bado wanalitaka.

Jina lenyewe lina kisa chake. Masujiro Hashimoto alifungua karakana yake mjini Tokyo mwaka 1911, na gari lililotoka humo mwaka 1914 likaitwa DAT, kwa herufi za mwanzo za majina ya wafadhili wake watatu, Den, Aoyama na Takeuchi. Wajapani wana pia neno datto, sungura anayetoka mbio, kwa hiyo jina lilikaa vizuri masikioni mwao. Mwaka 1930 serikali ya Japani iliruhusu magari yenye injini isiyozidi CC 500 kuendeshwa bila leseni, na mwaka uliofuata likaundwa gari dogo la CC 495 lililoitwa Datson, yaani mwana wa DAT kwa Kiingereza. Bahati mbaya, son katika Kijapani ni hasara, na hakuna mfanyabiashara anayetaka kutundika hasara juu ya mlango wa duka lake. Herufi moja ikabadilishwa ili jina liishie na sun, yaani jua kwa Kiingereza, alama ya bendera yao. Kufikia mwaka 1934 kazi yote ilikuwa chini ya Nissan ya Yoshisuke Aikawa.

Miaka mingi baadaye ndipo gari hilo lilipofika uani kwa mjomba wangu, huku Marangu, likiwa pikapu ya Datsun 1200 iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wawili. Injini yake ilikuwa ya CC 1171, na ukifungua boneti uliona ardhi pande zote za injini, jambo lililomfurahisha fundi kuliko mwenye gari, kwa kuwa spana ikimponyoka ilianguka chini moja kwa moja na hakuwa na haja ya kuisaka. Asubuhi za baridi mjomba alivuta choki, akasubiri kidogo, akakanyaga mafuta mara mbili, na ikawaka. Pointi, vile vyuma vidogo vya kukatisha umeme wa plagi, zilipochakaa, fundi alizisugua kwa msasa, kisha akapima nafasi yake kwa kipande alichokata kwenye boksi la sigara. Nyuma palikuwa na springi za bapa zilizobeba ndizi hadi soko la Moshi, na abiria wa nyuma, nikiwemo mimi, tulikaa juu ya ndizi. Sitaki kudai kuwa safari ile ilikuwa ya raha.

Mwandishi wenu ametaja mbio za magari za Safari kwa sentensi moja tu, nami naona hapo amewapunja wasomaji. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mwaka 1970 wakiwa na Datsun 1600 SSS, wakarudia mwaka 1971 kwa Datsun 240Z, gari la michezo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na msomaji ramani wake Lofty Drews katika 240Z, alilingana pointi na Harry Källström wa Sweden, ambaye naye alikuwa katika Datsun, hata mshindi akapatikana kwa kanuni ya kuwatenganisha waliofungana. Kuanzia 1979 hadi 1982 Mehta alishinda mara nne mfululizo. Nakubali kwamba 240Z si gari la kubana matumizi, lakini 160J aliyoanzia ushindi huo wa mara nne ilikuwa ndugu wa gari la kawaida la familia. Ukiifuatilia orodha ya washindi utaona gari la mwaka 1981 limeandikwa Datsun Violet GT, na la mwaka 1982 Nissan Violet GT, ilhali ni gari lile lile na dereva yule yule.

Kilichotokea katikati ni uamuzi wa ofisini. Mwaka 1981 wakuu wa Nissan walitangaza kwamba jina la Datsun litaondolewa katika masoko ya nje ili kampuni ijulikane kwa jina moja duniani kote, na kazi hiyo ikaendelea hatua kwa hatua hadi mwaka 1986. Marekani, ambako Yutaka Katayama wa Nissan alikuwa amelijenga jina hilo tangu mwaka 1960, wateja walizoezwa polepole kwa vibao vilivyobeba majina yote mawili. Magari yenyewe hayakuwa na habari: pikapu iliyotokana na 1200 iliendelea kuundwa Afrika Kusini kwa jina la Nissan 1400 hadi mwaka 2008.

Makala yenu haikugusa kabisa maisha ya pili ya jina hilo. Mwaka 2012 Carlos Ghosn, mkuu wa Nissan wakati huo, alitangaza kulirudisha kwa ajili ya wanunuzi wa gari lao la kwanza katika nchi kama India, Indonesia, Urusi na Afrika Kusini. Datsun Go ilianza kuuzwa mwaka 2014, na mwaka huo huo gari la India, lisilo na mfuko wa hewa hata mmoja, liligongeshwa katika majaribio ya usalama ya Global NCAP likaambulia nyota sifuri. Mwenyekiti wa taasisi hiyo, Max Mosley, alimwandikia Ghosn akimtaka aliondoe sokoni. Uzalishaji ulikoma India mwaka 2022. Kwa maoni yangu hicho ndicho kifo cha kweli cha Datsun, kwa sababu mara hii waliokataa ni wanunuzi.

Mwisho, gari lililo katika picha yenu ya ukurasa wa pili, lenye maelezo yasemayo “Nissan ya Safari, 1971”, ni Datsun 240Z. Naomba angalau maelezo hayo yasahihishwe.

Mwalimu mstaafu,
Marangu, Kilimanjaro