Meli ikiwa bahari kuu, sheria yake imeandikwa nyuma, tezini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe dhana inayojirudia kila inaposikika habari ya uhalifu au ajali melini: eti chombo kikishaingia bahari kuu hakuna sheria, kila mtu na lwake. Dhana hiyo inawaponza vijana wetu wanaotafuta kazi za ubaharia, na waajiri wajanja wanaipenda sana.

Sheria ipo. Kifungu cha 92 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985 na Kenya mwaka 1989, kinataka meli ipeperushe bendera ya nchi moja tu, na ikiwa bahari kuu iwe chini ya mamlaka ya nchi hiyo. Baharia wa Tanga akimchoma kisu mpishi wa Manila katikati ya Bahari ya Hindi, ndani ya meli ya Panama, sheria ya kwanza kutazamwa ni ya Panama. Tanzania nayo yaweza kumdai raia wake kama sheria zake zinaruhusu, lakini haiwezi kutuma askari kupanda meli hiyo bila Panama kukubali. Meli inayobadilisha bendera mbili kwa kadiri inavyoinufaisha huhesabiwa haina nchi, na meli yoyote ya kivita inaweza kuisimamisha na kuikagua.

Umbali nao ni muhimu. Mamlaka kamili ya nchi ya pwani hufika maili 12 za baharini, yaani kilomita 22 hivi. Kutoka hapo hadi maili 200, karibu kilomita 370, ambako bahari kuu huanza, nchi ya pwani ina haki juu ya samaki, mafuta na gesi. Ugomvi wa mabaharia ndani ya meli ya kigeni inayopita eneo hilo hauihusu. Wengi huchanganya hapa, wakiwamo wanasheria.

Mfano tunao nyumbani. Machi 2009 meli ya uvuvi Tawariq 1 ilikamatwa ndani ya maili 200 za Tanzania ikiwa na shehena ya jodari, wale waliokuja kuitwa "samaki wa Magufuli", aliyekuwa waziri wa uvuvi wakati huo. Kukamatwa kulikuwa halali, kwa sababu kosa lilihusu samaki. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani washtakiwa wawili, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikawaachia. Kilichoangusha kesi ni kibali: kifungu cha 94 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka idhini ya Mkurugenzi wa Mashtaka kabla ya kumshtaki mgeni kwa kosa lililofanyika baharini ndani ya maili 200. Karatasi moja ikapoteza kazi ya miaka mitano. Na hata ingekuwapo, kifungu cha 73 cha mkataba ule hakiruhusu kifungo kwa makosa ya uvuvi katika ukanda huo, isipokuwa nchi husika zimekubaliana. Adhabu inayobaki ni faini na kutaifisha.

Kuhusu kugongana, kisa maarufu ni cha Agosti 1926, meli ya Ufaransa Lotus ilipoigonga Boz-Kourt ya Uturuki bahari kuu na Waturuki 8 wakafa. Lotus ilipofika Istanbul, Waturuki walimkamata ofisa wa zamu, Mfaransa. Mwaka 1927 mahakama ya kimataifa iligawanyika majaji 6 kwa 6, na kura ya rais wake ikaipa Uturuki ushindi. Manahodha waliona hatari iliyoko: kila bandari ingeweza kuwa gereza. Mikataba iliyofuata ikaigeuza hukumu hiyo, na leo kifungu cha 97 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari kinasema nahodha au ofisa hushtakiwa kwa ajali ya bahari kuu na nchi ya bendera au nchi ya uraia wake tu.

Maharamia wako kundi lao: nchi yoyote inaweza kuwakamata bahari kuu na kuwahukumu. Lakini mahakama ya nchi hiyo sharti iwe na sheria yake inayoiruhusu. Novemba 2010 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba haina mamlaka juu ya Wasomali waliokamatwa na wanamaji wa Ujerumani katika Ghuba ya Aden. Ilichukua hadi Oktoba 2012 Mahakama ya Rufaa kuutengua uamuzi huo.

Sasa tuje kwa kijana anayesubiri kutia saini. Tazama tezi: pameandikwa jina la meli na bandari ya usajili. Panama, Monrovia (Liberia) na Majuro (Visiwa vya Marshall) ndizo utakazokuta mara nyingi. Usidhani ofisi iko huko. Usajili wa meli za Liberia huendeshwa kutoka Virginia, Marekani, na Mongolia, isiyo na hata shubiri ya pwani, nayo husajili meli. Halafu tafuta namba ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Bahari, tarakimu 7 ambazo hazibadiliki hata meli ikibadilisha jina na bendera mara kumi. Namba ya kubuni hugundulika kwa kalamu. Chukua 9074729: zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, upate 63, 0, 35, 16, 21 na 4. Jumla ni 139, na tarakimu yake ya mwisho, 9, lazima ilingane na ya saba. Isipolingana, ondoka. Ikilingana, iingize kwenye hifadhidata ya Equasis, ambayo ni bure, uone mmiliki, bendera na ukaguzi uliopita.

Kisha uliza cheti cha dhamana ya fedha kinachotakiwa na Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa 2006. Hubandikwa mahali pa wazi melini. Mwenye meli akikutelekeza, au akikaa miezi miwili bila kukulipa, mdhamini hulipa nauli ya kukurudisha kwenu na mshahara hadi wa miezi minne. Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, hivyo hata meli ya nchi isiyouridhia yaweza kukaguliwa ikitia nanga Mombasa au Dar es Salaam. Meli za uvuvi na majahazi hazimo, na ndimo vijana wengi wanamoumia. Pia mkataba huo unakataza wakala kukutoza ada ya kukutafutia kazi. Unalipia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, basi. Na usisaini kupokea fedha ambazo hujazishika mkononi. Karatasi hiyo ndiyo huua madai mengi.

Uhalifu ukitokea safarini, nahodha afunge chumba husika, apige picha kabla kitu hakijaguswa, aandike kwenye kitabu cha safari saa na mahali meli ilipo, kisha aijulishe nchi ya bendera. Kesi nyingi hufa kwa sababu chumba kilipigwa deki na mashahidi wakashuka bandari ya kwanza, kila mmoja na ndege yake.

Na bendera yetu? Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli za mafuta za Iran, zilizokuwa zikikwepa vikwazo, zimesajiliwa Zanzibar kupitia wakala wa Dubai. Januari 2018, baada ya meli mbili za bendera yetu kukamatwa, moja na kokeini na nyingine na vifaa vya milipuko, Rais Magufuli alisimamisha usajili wa meli za nje na kuagiza 470 zichunguzwe. Ada ya usajili ni ndogo ukilinganisha na wajibu unaokuja nayo: kifungu cha 94 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari kinataka nchi ya bendera ikague meli, isimamie mabaharia na ichunguze vifo. Naziomba mamlaka za Zanzibar na Bara zichapishe kila mwaka orodha ya meli zenye bendera yetu, namba zake za IMO, na lini mkaguzi alipanda kila moja.

Mdau wa usafiri wa baharini,
Tanga