Wito wa harambee: mtoto wetu arudi kwenye kipimo

Tumsifu Yesu Kristo.

Wapendwa wanajumuiya, nanyi watoto wa Lushoto mlioko Tanga, Arusha na Dar es Salaam, tunaona haya kubisha hodi tena. Mwaka jana mlitupa mabati ya kigango, na masika haya hatukusali chini ya miavuli. Hatujasahau.

Safari hii ni mtoto. Ana mwaka mmoja na miezi minane. Mama yake alikuwa akimwogesha, mkono ukakutana na kitu kigumu chini ya mbavu za kulia. Altrasaundi ikaonyesha uvimbe ndani ya ini, na daktari akaagiza MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku, yenye dawa ya mshipani ya kung'arisha picha.

Wiki iliyopita walikwenda Dar. Kwa ajili ya dawa ya usingizi mtoto hakunyonya tangu alfajiri, akalia mpaka sauti ikakauka. Fedha za picha zilikuwepo. Za dawa ya mshipani na za mtaalamu wa usingizi hazikutosha. Alikuja kunyonyeshwa stendi ya Mbezi, wakisubiri basi la kurudi.

Wapo waliouliza kwa nini asipasuliwe tu. Ndugu zangu, uvimbe wa ini kwa watoto si wa aina moja. Hemanjioma ni fundo la mishipa ya damu, na kwa wachanga mara nyingi hunywea lenyewe. Hepatoblastoma ni saratani, na kwa umri wake ndiyo saratani ya ini inayoongoza. Ikiwahiwa kwa dawa na upasuaji, watoto wengi hupona. Dawa ya mshipani ikiingia, picha hupigwa mfululizo: hemanjioma kwa kawaida hung'aa kuanzia kingoni kuelekea katikati, saratani haifuati njia hiyo. Mpasuaji naye huona uvimbe umeshika sehemu zipi za ini na umekaribia mishipa ipi. Huenda bado mtoto akachukuliwa kipande kidogo cha uvimbe kwa uchunguzi, lakini bila picha hizi daktari anapapasa gizani. MRI haina mionzi, ila inataka mtoto atulie kabisa, ndiyo maana ya usingizi.

Zinahitajika shilingi 1,100,000. Tunazo 430,000. Miadi ni Alhamisi ijayo. Kadi za harusi mwezi uliopita tulizilipa zote kwa wakati, hata kwa kukopa.

Kikapu kitapita Jumapili baada ya misa. Walio mbali watume kwa mweka hazina, namba ni ile ile ya mabati. Risiti zitabandikwa mlangoni pa kigango. Kitakachobaki ni nauli yake ya kliniki.

Katibu wa Jumuiya