Nimechoka kumfufua mdogo wangu kila mwisho wa mwezi

Shikamoo Shangazi. Bwana Yesu asifiwe.

Ni saa tisa usiku na taa nimeiweka chini ya meza ili mwanga usitoke mlangoni. Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu zimeishia jikoni kwenye moto kwa sababu humu ndani kuna watoto wanaojua kusoma. Nakuomba usitaje kijiji. Sema Machame, basi. Machame ni kubwa.

Kwanza ujue kwamba si mimi niliyeanza. Wazo halikuwa langu, na siku lilipotolewa nilipinga, na mdogo wangu wa kike ni shahidi hata kama sasa anajifanya hakumbuki. Kaka mkubwa ndiye aliyesema mama asiambiwe. Na niliposema mimi siwezi kukaa na mama nyumba moja nikamficha jambo kama hilo, akanijibu maneno ambayo hadi leo nikilala yanaamka: "Ukimwambia, wewe ndiye utakuwa umemuua." Mbele ya watu. Mimi ninayemwogesha.

Ilikuwa Mei 2023. Kitindamimba wetu alikuwa Afrika Kusini, Johannesburg, mwaka wa sita. Alikwenda kwa njia zao zile vijana wanazozijua, karatasi hazikuwa sawa, unaelewa. Gari lilimgonga. Wenzake Watanzania wakachanga, lakini kumleta kulihitaji pesa nyingi na hati ambazo hakuwa nazo, wakamzika huko huko. Mchaga kuzikwa nje ya kihamba, shamba la ukoo, Shangazi, sihitaji kukueleza. Simu aliipokea kaka akiwa Dar. Akaja, akatuita Moshi mjini, tukakaa hotelini na soda mbele yetu, na soda zilipoisha uongo ulikuwa umeshapangwa. Mama ana presha. Macho nayo presha ya macho ilishayamaliza. Baba tulimzika na nusura tumzike mama wiki hiyo hiyo, alianguka pale pale kaburini. Kwa hiyo sisemi kaka hakuwa na sababu. Nasema tu mimi ndiye niliyerudi nyumbani siku ile na mama akaniuliza, "Mjini mmeongea nini?"

Habari yenyewe nilikuwa nimeisikia siku mbili kabla, nikiwa mgombani nakata majani ya ng'ombe. Nilikaa chini nikalia huko huko, nikajitwisha mzigo nikapanda. Mama akasema umechelewa. Nikamjibu panga lilikuwa butu. Hayo ndiyo matanga aliyopata mdogo wangu, Shangazi. Panga butu.

Basi ikawa hivi. Tuna mdogo wetu, mtoto wa mama mdogo, sauti yao ni moja, tangu utotoni watu walikuwa wakiwachanganya. Yeye ndiye hupiga Jumapili jioni. "Mama, shikamoo, ni mimi." Mama anamuuliza umekula nini, anamwambia, unasali wapi, anamwambia, utakuja lini, anasema Krismasi. Krismasi ya 2023 tulisema karatasi. Ya 2024 tukasema kazini wamemnyima ruhusa. Mwaka huu hatujapanga bado.

Na kila mwisho wa mwezi nampa mama elfu thelathini, nasema mwanao ametuma kwenye simu yangu. Pesa ni zangu, za ndizi na maziwa, sijaomba mtu. Rambirambi za wale vijana wa Johannesburg zilipokelewa na kaka, mimi nilipewa laki tatu, na kama laki mbili zilikwenda kwenye bati ni bati za nyumba ya mama, si yangu. Nasema hivi kwa sababu najua kuna mtu atakuja kukuambia nilikula rambirambi. Sikula.

Sasa sikiliza kinachonimaliza. Mama akipokea ile elfu thelathini anatoa elfu tatu, fungu la kumi, ananiambia nitafute bahasha ya mwanawe. Ana bahasha yake usharikani, ina namba. Mwaka jana mwishoni majina ya waliokamilisha ahadi yalisomwa kanisani na la mdogo wangu likasomwa. Watu wakapiga makofi. Mama akasimama, kwa fimbo yake, akainama kuitikia. Mimi ni mzee wa kanisa, nilikuwa nimekaa mbele, nami nikapiga makofi.

Halafu kuna ule mkungu. Alipeleka mkungu wa ndizi sadaka ya shukrani kwa sababu "mwanangu amepona malaria" (malaria hiyo aliitunga yule kijana kwenye simu, hata hakutuuliza). Baada ya ibada mnada ukaanza pale nje kama kawaida, mayai, maziwa, ndizi, na mkungu ule sikuweza kuuona ukienda kwa mtu. Nikaununua mimi. Nikaubeba hadi nyumbani kwa njia ya nyuma. Watoto walikula, mimi sikuweza.

Nafundisha kipaimara, Jumamosi. Mwezi uliopita tulifika Amri ya Nane, usimshuhudie jirani yako uongo. Sisi Walutheri tunaihesabu ya nane, wengine wanasema ya tisa, lakini uongo ni ule ule. Katekisimo Ndogo haiishii kwenye kukataza, inataka tumtetee jirani, tumnenee mema. Nilikuwa naeleza vizuri kabisa. Mtoto mmoja wa kiume akanyoosha mkono: "Mwalimu, bibi yangu ana kisukari, sisi tunamwambia sukari imeisha ili asinywe nayo chai. Hiyo nayo?" Darasa likacheka. Nikasema muda umekwisha tutaendelea wiki ijayo. Ilikuwa imebaki nusu saa.

Kaka yeye ana Biblia yake. Anaijua pale inapomfaa. Anasema wale wakunga wa Kutoka 1, Shifra na Pua, walimdanganya Farao na Mungu akawatendea mema. Anasema Rahabu alificha wapelelezi akawapoteza waliokuwa wakiwatafuta, na Waebrania 11 inamsifu. Nilimuuliza, kaka, mama yetu ni Farao? Mama anatafuta mtoto amtupe mtoni? Akakata simu. Baadaye akaandika ujumbe: ulokole wako utamuua mama. Yaani tena. Ni neno lile lile, amelibadilisha nguo tu.

Mimi ninayoisoma kila siku ni Mwanzo 27. Mzee asiyeona, anapapasa ngozi za wana-mbuzi mikononi mwa mtoto, anasema, "Sauti ni sauti ya Yakobo, lakini mikono ni mikono ya Esau." Kwetu hata mikono hakuna, ni sauti tu kwenye kitochi. Na huyo huyo Yakobo alipozeeka, wanawe wakaichovya kanzu ya Yusufu kwenye damu ya mbuzi, wakamletea, akamlilia mtoto aliye hai. Sisi tumegeuza. Wetu amekufa, tumemkataza mama kumlilia. Sijui lipi ni baya zaidi. Yakobo angalau alirarua mavazi yake, akavaa gunia, watu wakamjia kumpa pole.

Nilimwendea mchungaji. Tulikuwa na semina ya walimu, nikambana wakati wa chai, nikamwambia kuna mama mmoja namfahamu, familia yake wamemfichia msiba. Unaona? Hata huko nilikwenda na uongo, "mama mmoja namfahamu." Akanieleza kwamba Augustino, yule askofu wa Hipo, Afrika Kaskazini hukohuko juu, miaka 1600 iliyopita alilijadili jambo kama hili hili: mgonjwa mahututi, mwanawe wa pekee amekufa, anauliza mzima? Ukimwambia ukweli utamuua. Akasema Augustino alikiri kwamba linamchoma moyo, lakini mwisho wake akashikilia kuwa uongo ni uongo. Mchungaji akanywa chai yake. Akasema, "Ila Augustino hakuwa na mama mwenye presha ya mia mbili, mwambie huyo rafiki yako aende taratibu." Sasa hilo ni jibu gani, Shangazi? Nilitaka anikaripie au anibariki, kimojawapo.

Tangu Pasaka sijashiriki Chakula cha Bwana. Nasema tumbo. Mzee wa kanisa tumbo linamuuma Jumapili ya Meza tu, watu si wajinga. Nawaza Anania na Safira, walianguka kwa uongo wa shamba moja. Mimi wangu una miaka miwili na una risiti za usharika.

Kuna jambo jingine, nalisema kwa kifupi. Kihamba hiki, kwa mila, nyumba ya wazazi ni ya kitindamimba. Mama akijua kitinda hayupo, itabidi aseme yeye mwenyewe, akiwa hai, kinakwenda kwa nani. Mama asipojua hatasema kitu, na akifumba macho, mkubwa ndiye atakayesema. Simshitaki kaka. Nasema tu kwamba mtu anayekuja mara moja kwa mwaka mbona anajua mipaka yote ya masale, ile mimea tunayopanda mpakani, hadi ule wa korongoni?

Na mimi, utaniuliza. Mimi niliachika 2014, nikarudi na watoto wawili. Naishi hapa kwa sababu mdogo wangu alisema kwenye simu, dada kaa, nyumba yangu ni yako. Neno hilo lina nguvu maadamu yeye ni mzima. Akishakufa, yaani akishajulikana amekufa, mimi ni mgeni. Lakini si kwa sababu hiyo nimenyamaza. Nakuapia si kwa sababu hiyo. Nimenyamaza kwa sababu niliambiwa nitakuwa nimemuua.

Sasa Jumatano. Ndiyo iliyoninyima usingizi hadi leo. Nilikuwa namkanda mama miguu. Akaniambia, "Yule mtoto anayenipigia Jumapili, sauti imemkauka. Mwambie apumzike." Nikauliza, mtoto yupi, mama? Akasema, "Yule." Akageukia ukutani.

Hakusema mwanangu. Siku zote husema mwanangu, na mara nyingine humtaja kwa jina la babu. Labda alikuwa na usingizi. Sauti ya yule kijana kweli imekauka, ana mafua, hilo ni kweli. Lakini mwisho wa mwezi uliopita pia, nilipompa elfu thelathini, alizikunja akanirudishia, "Wanunulie watoto madaftari." Na bahasha hakuiulizia. Nilijiambia amesahau. Mama hasahau bahasha.

Kama anajua, amejulia wapi? Na amemlilia wapi? Usiku, mimi nikiwa chumba cha pili nahesabu pesa za kesho za kumdanganyia? Sitaki kuliwaza hilo. Afadhali asijue. Hapana, afadhali ajue, nipumzike. Nimeshachuma jani la sale mara mbili niende nimpigie magoti, yote mawili yamenyaukia dirishani. Mama haoni jani, lakini angelipapasa, angejua ni sale, angejua naomba msamaha, kisha angeuliza wa nini.

Ninachotaka unijibu ni hiki, kama mzee wa kanisa aliyekosa anaweza kuendelea kufundisha kipaimara wakati anasubiri, au ajiuzulu kwanza. Hilo tu. Kuhusu kumwambia mama usinishauri, hilo ni la familia. Au ukiona ni lazima unishauri, basi usiniambie tu "mwambie ukweli", hayo "ndiyo, ndiyo, siyo, siyo" nayajua, Mathayo 5, nimewakaririsha watoto. Niambie naanza na neno gani. Kwa sababu nimejaribu peke yangu zizini, nikamwambia ng'ombe, "Mama, mwanao," na baada ya hapo mdomo haukuendelea.

Na nisaidie na hili. Mbuzi wa Krismasi bado amefungwa nyuma ya nyumba. Mama mwenyewe ndiye aliyemchagua, kwa kumpapasa mgongo, akasema huyu ni wa mwanangu akija. Kama anajua, mbona kila asubuhi ananiuliza kama mbuzi amekula?

Mimi wa Machame, asiyelala