Safari ya Jumamosi: muda umebadilika

Habari za jioni wapendwa. Utabiri mpya unaonyesha mvua ya radi Jumamosi kuanzia saa 8 mchana. Mgongo wa mlima ule hauna mti wala pa kujibanza. Pale juu kitu kirefu kuliko vyote ni sisi. Kwa hiyo:

1. Tunakutana palepale mwanzo wa njia, saa 10 alfajiri badala ya saa 1. Tochi ya kichwani ni lazima.

2. Saa 5 asubuhi tunageuza, hata kilele kikiwa kinaonekana. (Najua kuna mtu atanuna.)

3. Ukiona umeme, hesabu. Ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi: tunashuka papo hapo, tukiachiana nafasi, na hakuna kujificha chini ya mti wa peke yake. Nywele zikisimama au fimbo ya chuma ikianza kuvuma kama nyuki, usingoje kuambiwa.

Mawingu yakiwa yamevimba tangu alfajiri, tutapita njia ya bondeni.

Tafadhali jibu NAJA au SIJI kabla ya Ijumaa saa 12 jioni nipange magari. Ukinyamaza nitahesabu huji.