Barua ya wazi kwa vijana mnaoandika taarifa za misaada

Wanangu,

Ninyi mlio kwenye idara za sera na mipango, katika wizara za afya, elimu na mambo ya ndani, mnaokaa meza moja na wahisani kupanga mipango kazi na kuandika taarifa za utekelezaji, barua hii ni yenu. Naiandika hadharani kwa sababu nilipojaribu kulisema jambo hili kikaoni niliambiwa muda umekwisha.

Kikao chenyewe kilikuwa cha mapitio ya pamoja kati ya serikali na nchi moja mhisani. Mimi nilialikwa kama mstaafu, nikakaa nyuma. Taarifa ilisomwa na kijana hodari, takwimu zimepangika: zahanati zilizokarabatiwa, walimu waliopita kwenye semina, askari waliopata mafunzo, magari yaliyokabidhiwa. Fedha za mwaka zilikuwa zimetumika karibu zote, na ukumbi ukapiga makofi. Nikauliza swali moja: mradi ukifungwa, mishahara ya wahudumu hawa italipwa kutoka kasma ipi, yaani fungu lipi la bajeti ya serikali? Wa wizara akamtazama wa mradi, wa mradi akamtazama wa ubalozi, na mwenyekiti akatuhamisha kwenye ajenda iliyofuata.

Tangu siku ile nina hasira, na mtaisikia humu. Lakini nawapenda, na ningekuwa nimewakatia tamaa nisingeshika kalamu.

Mnapima vilivyotolewa. Pimeni vilivyopokewa na serikali yenu na kubebwa na bajeti yake. Msaada wa nchi kwa nchi, uwe wa afya, elimu au polisi, umepiga hatua pale tu ambapo mwaka huu serikali inalipa kitu ambacho mwaka jana kililipwa na mgeni. Yaliyobaki ni shughuli. Zinaweza kuwa shughuli njema, zenye kuokoa roho za watu, lakini msiziite maendeleo kabla hazijapata mwenyewe.

Mwaka 2025 ulitufundisha hili kwa ukali. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Kufika tarehe 1 Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imekoma kuendesha misaada, na kilichosalia kikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Mwezi Februari Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, naye alitangaza kwamba misaada ya nchi yake itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Na hesabu za awali za OECD, umoja wa nchi tajiri, zilionyesha kuwa hata kabla ya hayo yote misaada rasmi ya mwaka 2024 ilikuwa imeshuka kwa asilimia 7.1.

Nimesikia wakubwa wenu wakisema hakuna aliyeweza kujua. Kila mkataba wa msaada una tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo imeandikwa. Kilichokuja ghafla ni siku yenyewe ya kufunga; kwamba siku ya kufunga ipo, kila mtu aliisoma na kuweka sahihi yake chini.

Tukagundua nini? Kwamba katika nchi nyingi washauri nasaha, wahudumu wa ngazi ya jamii na makarani wa takwimu za VVU hawakuwa kwenye ikama ya serikali, yaani orodha ya nafasi za kazi inazolipia, hata siku moja. Walikuwa kwenye orodha ya mishahara ya mradi, na wizara nyingine hazikuwa hata na majina yao. Hata ule utafiti wa idadi ya watu na afya, uliogharamiwa na USAID tangu 1984, ambao kwa huo nchi zetu hujua watoto wangapi hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, ulisimamishwa Februari 2025. Mtu mwingine alikuwa akitulipia hata kuhesabu vifo vya watoto wetu.

Tazameni Afrika Kusini. Mfuko wa PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Rais George W. Bush, ulikuwa ukichangia takriban asilimia 17 ya fedha za UKIMWI nchini humo, na dawa za kufubaza virusi serikali ilikuwa ikinunua yenyewe. Msaada ulipokatika, dawa zilibaki. Walioondoka ni wahudumu waliokuwa wakilipwa na miradi, na kliniki zilizowategemea ziliumia kweli. Nchi hiyohiyo, ugonjwa huohuo: palipokuwa na kasma pamesimama, pasipokuwa na kasma pameyumba. Nigeria nayo ilibidi Bunge liongeze dola milioni 200 kwenye bajeti ya afya ya 2025 ili kuziba pengo. Kumbe fedha hupatikana watu wakibanwa. Kwa nini tusubiri kubanwa?

Niwasimulie kitu. Kuna hospitali moja ya wilaya ambayo sitaitaja. Mradi uliwaletea mashine ya maabara, nzuri kabisa, pamoja na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vya kutosha muda wote wa mradi. Matengenezo yalikuwa ya kampuni ya nchi mhisani, na mradi ndio uliolipa. Mradi ulipofungwa mashine ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni vitendanishi, kwa sababu havikuwa kwenye orodha ya manunuzi ya bohari ya dawa, na kwa miaka yote ile hakuna aliyeomba viingizwe. Wagonjwa wakaanza kupelekwa mbali kwa kipimo ambacho mashine yake ilikuwa imefunikwa kitambaa chumba cha pili. Nikaitafuta taarifa ya mwisho ya mradi, nikaisoma ukurasa kwa ukurasa. Iliandika kwamba lengo limefikiwa kikamilifu. Haikuwa na uongo hata mstari mmoja, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Aliyeiandika alikuwa kijana kama ninyi. Alijaza nafasi alizowekewa kwenye fomu, na fomu haikuwa na nafasi ya kuuliza nani ataendelea.

Basi iongezeni nyinyi. Hakuna mhisani atakayewafukuza kwa kuongeza safu kwenye jedwali. Kwa kila kitu mnachokihesabu andikeni: gharama yake kwa mwaka baada ya kukabidhiwa, kasma itakayoibeba, kama ni mtu, nafasi yake kwenye ikama, kama ni dawa au kifaa, kama kimo kwenye orodha ya bohari, na mwaka ambao serikali itaanza kulipa. Pasipo na jibu andikeni "hakuna". Neno hilo likisomwa mbele ya katibu mkuu mara kadhaa, atatafuta jibu hata kama ni kwa aibu.

Na posho. Najua mishahara ni midogo, na najua wengi wenu mnasomesha wadogo zenu. Lakini nimeona muuguzi mzuri akitolewa wodini kwa wiki nzima kwenda semina aliyokwisha kuisikia, kwa kuwa mradi unahitaji majina na yeye anahitaji posho. Wodini hakuna aliyemshika nafasi. Halafu semina ile inaingia kwenye taarifa kama mafanikio ya sekta ya afya! Wanangu, hii ni dhambi, na sisi wazee ndio tuliianza. Imalizeni.

Kwenye elimu sitakaa sana. Kenya ilifuta karo za shule za msingi mwaka 2003, na wahisani wakachangia, Uingereza ikiwemo. Mwaka 2009 ufisadi ukagundulika katika fedha hizo, Uingereza na Marekani zikasimamisha michango yao. Shule hazikufungwa, kwa sababu mzigo mkubwa ulikuwa tayari unabebwa na hazina ya Kenya yenyewe. Walioiba wana hukumu yao; hoja yangu ni ule mgawanyo wa mzigo.

Polisi ni jambo jingine kabisa, nanyi wa mambo ya ndani msilipime kwa kipimo cha wenzenu. Chanjo iliyotolewa haiwezi kugeuzwa impige mtu. Askari aliyefunzwa na kupewa gari anaweza kugeuzwa. Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilipiga marufuku fedha za misaada kutumika kufundisha polisi wa nchi nyingine, baada ya mpango wao wa zamani kuhusishwa na vikosi vilivyotesa raia. Baadaye marufuku hiyo imelegezwa kwa mambo kadhaa, lakini sababu ya marufuku ile haijazeeka. Msiniandikie idadi ya askari waliofunzwa. Niandikieni raia wangapi walileta malalamiko dhidi ya askari na mangapi yaliamuliwa.

Wala muda mrefu pekee hautoshi. Visiwa vya Solomon, nchi ya Bahari ya Pasifiki, vilipokea kikosi cha kikanda kilichoongozwa na Australia kuanzia Julai 2003 hadi Juni 2017. Silaha zilikusanywa, amani ikarudi, polisi wakajengwa upya. Hiyo ni kazi kubwa na sitaibeza. Lakini ghasia zilipolipuka Honiara, mji mkuu, Novemba 2021, serikali iliomba msaada na polisi wa Australia wakarudi. Desemba 2024 Australia iliahidi tena dola milioni 190 za kwake, kwa miaka minne, kwa ajili ya jeshi hilohilo la polisi. Jeshi la polisi husimama likiaminiwa na raia wake, na imani hiyo haimo kwenye kontena la vifaa.

Sasa nigeuke kidogo, maana si haki kuwaponda vijana peke yenu. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Wangapi wamefika na kubaki hapo? Wachache mno. Nchi tajiri nazo zimekuwa zikiahidi kutoa asilimia 0.7 ya pato lao kwa misaada tangu azimio la Umoja wa Mataifa la 1970, na wanaotimiza wanahesabika kwa vidole. Mjini Paris mwaka 2005 walikubali kutumia mifumo ya nchi zinazopokea, kisha wakaendelea kufungua akaunti za pembeni na kutuchukulia wahasibu wetu bora. Nasi tukawapa sababu kwa kashfa za wizi wa fedha: Zambia mwaka 2009, Uganda 2012 hadi ikabidi irudishie Ireland euro milioni 4, Malawi 2013. Wabunge wetu hukata utepe wa jengo la msaada, na bajeti ya kuliendesha ikifika mezani hawamo ukumbini. Wananchi tunapiga makofi siku ya makabidhiano na hatuulizi lolote mwaka unaofuata.

Mengine nayataja tu. Tunzeni nakala za mikataba ofisini, zisikae kwa mshauri wa mradi. Andikeni taarifa kwa Kiswahili pia, diwani aisome. Takwimu za wagonjwa zikae kwenye kompyuta za serikali. Mkifanya kazi vizuri, ombeni ushahidi wa maandishi.

Na sasa kuna mikataba mipya. Tarehe 4 Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia saini makubaliano ya afya ya miaka mitano: Marekani hadi dola bilioni 1.6, na Kenya iongeze dola milioni 850 za kwake. Kwamba serikali imeandikiwa fungu lake, hilo nimelililia miaka mingi. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ikasimamisha sehemu inayohusu kupeana data za afya, kwa kuwa raia walikwenda kuhoji kitu ambacho kilipaswa kuhojiwa kabla ya kalamu kugusa karatasi. Nchi nyingine zinafuata njia hiyohiyo, na rasimu zitapita mikononi mwenu kwanza.

Kwa hiyo kabla mkubwa hajasaini, mwekeeni mezani karatasi moja: mwaka wa kwanza tunalipa nini, wa pili nini, hadi wa tano, kutoka kasma ipi, data za nani zinakwenda wapi, na afisa gani wa Hazina amekubali. Akikataa kuisoma, hakikisheni muhtasari wa kikao unaonyesha kuwa iliwasilishwa, na nani aliiwasilisha.

Mzee wenu,
Mstaafu wa utumishi wa umma