Miisho miwili ya Malkia Tera

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Barua yako niliipata Jumatano, na sehemu uliyoandika kuhusu The Jewel of Seven Stars, ile riwaya ya Bram Stoker ya watu wanaotaka kumfufua Tera, malkia wa Misri ya kale, nimeisoma mara tatu, maana mara ya kwanza nilidhani mmoja wetu amechanganya vitabu viwili. Umeandika kwamba riwaya ile inamalizikia harusini, Margaret akiwa amevaa joho la malkia wa kale pamoja na kito chake, na Malcolm Ross akiwa bwana harusi mwenye furaha. Ukaongeza kwamba ulijiona kama mtu aliyeitwa matangani akakuta watu wanapiga vigelegele. Katika kitabu nilichosoma mimi hakuna harusi. Margaret anakufa, baba yake anakufa, daktari na msafiri Corbeck wanakufa, na anayebaki kusimulia ni Ross peke yake.

Nimefuatilia, na kumbe wote wawili tumesoma sawasawa. Bram Stoker aliitoa riwaya hii mwaka 1903, na mwisho wake ulikuwa ule wa vifo. Mwaka 1912, mwaka aliofariki, ilitoka tena ikiwa na mwisho mwingine, huo wa harusi, na sura ya 16 ikiwa imeondolewa yote. Nakala nyingi zilizochapishwa baadaye zimefuata toleo hilo la pili, wala msomaji haambiwi kwamba palikuwa na jingine. Kwa hiyo lawama yako kuhusu mwisho nakubaliana nayo kabisa, ila inaliangukia toleo la 1912. Hata hivyo siwezi kukuambia kwamba la 1903 ni kazi bora. Kitabu hiki kinaanza kuanguka mapema zaidi ya pale ulipoona wewe, na hilo ndilo ninalotaka kukueleza kwa kirefu, kwa sababu nakipenda na kwa hiyo kinaniuma.

Fikiria tena zile sura za kwanza. Ross, wakili kijana, anaamshwa usiku wa manane na mlango unaogongwa, anapelekwa kwenye nyumba kubwa huko Kensington, na anamkuta Margaret, binti ambaye ameonana naye mara chache tu, akimlilia baba yake. Mzee Trelawny, mkusanyaji wa vitu vya kale vya Misri, ameokotwa sakafuni karibu na sefu yake, amezimia, na kifundo cha mkono wake kimechanwachanwa. Mkononi ana bangili yenye ufunguo mdogo. Ameacha barua, kana kwamba alijua litakalompata, akiagiza kwamba kitu chochote kisitolewe chumbani mwake na kwamba yeye mwenyewe akeshewe usiku na mchana mpaka azinduke. Basi wanakesha. Chumba kinanuka manukato ya maiti za kale, harufu ile inamlevya Ross hadi usingizi unamchukua, na anapozinduka anamkuta muuguzi amekaa wima kama gogo, hasikii wala hajitambui, na mgonjwa yuko tena sakafuni akivuja damu. Nilisoma sura hizo usiku mmoja umeme ukiwa umekatika, nikazimaliza kwa mshumaa, na sikuthubutu kwenda uani.

Ukiangalia namna Stoker alivyoijenga taharuki hiyo utaona kwamba ametumia vitu vichache sana: chumba kimoja, amri isiyoelezwa, watu wasioaminiana. Askari mpelelezi Daw anaanza kumshuku Margaret mwenyewe, na sisi wasomaji tunalazimika kumshuku pamoja naye hata kama hatutaki. Paka wa nyumbani, Silvio, ambaye ni mpole kwa kila mtu, anaivamia maiti ya paka wa Kimisri iliyomo chumbani kwa ghadhabu ambayo hakuna anayeielewa. Kwangu mimi paka huyo anatisha kuliko malkia, kwa kuwa mnyama hana nadharia, anachukia tu.

Halafu mzee anazinduka, na tangu hapo anaongea.

Hapo ndipo kitabu kinapoanza kupoteza damu. Kabla yake tulikuwa tumekwisha kupewa masimulizi ya msafiri Mholanzi van Huyn, katika kitabu cha kale kinachosemwa kuwa kilichapishwa Amsterdam mwaka 1650, na hayo sikuyachukia, maana ndani yake mna lile tukio la mtu aliyeuchukua mkono wa malkia kaburini akakutwa amekufa, shingoni ana alama za vidole saba. Tukio lile limeelezwa kwa mistari michache na limetosha. Lakini Trelawny na Corbeck wanapoanza kueleza, wanaeleza sura baada ya sura: nyota zilivyokaa, taa saba zilivyochongwa, kasha lilivyopimwa, miale ya Röntgen, yaani eksirei, hata madini ya radiamu, ambayo Marie na Pierre Curie walikuwa wameigundua mwaka 1898 na ambayo wakati ule ilikuwa habari ya kila gazeti. Naelewa kwa nini Stoker alivutwa nayo. Kitu kinachotoa mwanga chenyewe gizani kilikuwa muujiza uliothibitishwa. Ila hofu iliyopimwa kwa rula haiogofyi tena. Baya zaidi ni kwamba ile damu ya usiku wa kwanza, iliyonisimamisha nywele, inaelezwa kuwa ilimwagika kwa sababu ya ufunguo: roho ya Malkia Tera ilikuwa inautaka ule ufunguo wa kwenye bangili ili ifungue sefu na kuchukua yakuti yake nyekundu. Tulidhani tumo kaburini, kumbe tumo katika kesi ya wizi wa kuvunja.

Huwezi kukisoma kitabu hiki bila kukilinganisha na Dracula, kile cha mnyonya damu, ambacho Stoker alikitoa mwaka 1897, miaka sita tu kabla. Watu husema tofauti ni kwamba Dracula ni mhusika mwenye nguvu na Tera hana. Mimi siamini hivyo. Dracula mwenyewe, baada ya zile sura za ngomeni, haonekani sana. Anapita kwa mbali kama kivuli, na kitabu kinazidi kutisha. Tofauti ninayoiona ni mbili. Ya kwanza ni kwamba Dracula imeundwa kwa shajara, barua, simu za maandishi, vipande vya magazeti, kumbukumbu za nahodha wa meli Demeter anayehesabu mabaharia wake wakipungua mmoja mmoja, na kila mwandishi wa hati hizo anajua kidogo kuliko sisi. Tunamwona Mina akiandika kwamba rafiki yake Lucy amepauka, tunajua ananyonywa damu, na hatuwezi kumwambia. Katika hadithi ya Tera msimulizi ni mmoja, Ross, mtu mwema aliyezama katika mapenzi, na hajui chochote mpaka mzee amweleze. Kwa hiyo na sisi tunakaa darasani pamoja naye.

Ya pili ni gharama. Lucy Westenra anakufa kabla Dracula haijakaribia mwisho, tena tumekwisha kumpenda, na anarudi akiwawinda watoto wa Hampstead. Tangu siku hiyo tunajua kwamba mwandishi hatanii. Katika kitabu chetu hiki waliokufa wote ni watu wa zamani, wa jangwani, wasio na jina la kukumbukwa, wakati wale tunaowajua wanakunywa chai na kujadiliana mpaka ukurasa wa mwisho kabisa.

Hapa niruhusu nikueleze jambo lililonishughulisha, ambalo msomaji wa London hawezi kulihisi. Unakumbuka tulivyotishwa na mumiani tulipokuwa wadogo, kwamba ukichelewa dukani magharibi utachukuliwa ukanyonywe damu? Neno hilo lina asili moja na jina ambalo Wazungu huiitia maiti ya Misri iliyohifadhiwa, mummy, yaani mumia. Vyote viwili vimetoka katika neno la Kiajemi la nta, mum, na zamani mumiani ilikuwa dawa nyeusi kama lami kabla haijawa jina la wauaji. Katika Kiswahili, basi, damu ya binadamu na mumia ya kale zimekaa ndani ya neno moja. Stoker alizigawa katika vitabu viwili, na nilipokuwa nikisoma zile sura za mkono uliochanwa niliamini kwamba sasa anaziunganisha, kwamba malkia huyu anaihitaji damu ili aamke. Hakuziunganisha. Damu ikafutwa sakafuni, na baada ya maelezo ya ufunguo haikurudi tena.

Nisimdhulumu lakini. Katika nusu ile ya pili iliyochoka kuna mahali pawili panaponirudisha kitabuni. Pa kwanza ni pale wanaume wanapojiandaa kumfungua Tera sanda huko Cornwall, na Margaret anawazuia. Baba yake anamwambia kwamba aliye mbele yao ni mumia tu, si mwanamke. Binti anamjibu kwamba miaka haimwondolei mtu uanamke wake, hata akiwa amekufa tangu lini. Wanamfungua hata hivyo, na aibu ya chumba kile ninaihisi mpaka leo. Wanaume wanne wenye elimu, katika miaka ambayo Misri ilikuwa chini ya Waingereza, wamembeba malkia wa watu kutoka kaburini kwake hadi ufukwe wa Uingereza, na anayeona kwamba huyo ni mtu ni msichana mmoja tu.

Pa pili ni sura ya 16, ambayo wewe hukupata kuisoma. Ross amekaa peke yake akijiuliza: iwapo Tera atainuka kwa nguvu za miungu yake, basi miungu hiyo ipo kweli, na je, imani yake yeye itasimama wapi? Ni kurasa chache, hazina tukio lolote, na zinamtisha kwa namna ambayo radiamu yote ya dunia isingemtisha. Kuzitoa kurasa hizo na kuacha zile za vipimo ni kosa ambalo siwezi kulielewa.

Nimekutolea nakala ya sura hiyo pamoja na sura ya mwisho ya 1903, zimo humu ndani ya bahasha. Usiku wa jaribio la kumfufua Tera, upepo wa baharini unavunja madirisha, moshi unajaa pangoni, taa zinazimika, na Ross anapapasa gizani mpaka anakuta mwili wa mwanamke, anaubeba juu hadi ukumbini na kuulaza. Katika toleo lako Margaret anapona, na ndiyo maana mnapata harusi. Katika hili langu anaporudi na mwanga anawakuta wenzake wote chini wamekufa macho yakiwa wazi, na Margaret miongoni mwao, amejifunika uso kwa mikono, macho yake ya kioo yakitazama kati ya vidole. Aliyebebwa ukumbini hayupo tena. Stoker haelezi zaidi, na kwa kurasa hizo mbili amekuwa tena yule mwandishi wa Demeter.

Zisome kabla hujalala, kisha uniandikie unadhani Ross alimbeba nani.

Wasalimie wote.

Rafiki yako wa siku zote